Mluzi Korongoni

Kila siku baada ya shule, Chiriku alipitia stoo ya kikosi cha kuzima moto, chini ya kilima. Hakwenda kucheza. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa mkuu wa kikosi hicho, na kazi ya Chiriku ilikuwa kusafisha vifaa. Alikwangua masizi kwenye majembe, akasuuza mabomba ya mgongoni, akakagua vipigio, yale makofi makubwa ya mpira wa tairi yaliyofungwa kwenye mipini mirefu ili kuuchapa moto wa nyasi mpaka ushike adabu.

Alikuwa na jina zuri tu la shuleni, lakini halikutumika sana. Watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Akianza kusimulia kisa wakati anasuuza bomba la kwanza, bomba la mwisho lilikauka yeye bado hajafika katikati.

"Chiriku," Fundi wa mabomba alimwambia siku moja, "ungekuwa bomba ningekufunga koki nikatupa ufunguo mtoni."

"Na wewe Fundi ungekuwa lile la pembeni pale, linalovuja bila kuguswa."

Fundi alicheka mpaka akapaliwa.

Kilima chao kilikuwa cha mawe na makorongo. Gari la kuzima moto liliishia chini, likasimama hapo linang'aa kama mgeni aliyevaa viatu vya harusi shambani. Kwa hiyo kila kifaa kilipanda mgongoni, ama mgongo wa mtu, ama mgongo wa punda. Punda mwenyewe walimwita Mheshimiwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumharakisha. Alibeba mifuko miwili ya mpira iliyojaa maji, mmoja kila ubavu, na pampu ya mkono katikati.

Sasa, pale juu kulikuwa na korongo moja ambalo watoto hawakulipenda. Ndani yake kulikuwa na kibanda cha Mzee wa Mizinga, mfuga nyuki aliyefariki mwaka uliotangulia. Enzi za uhai wake alikuwa akiwapigia nyuki mluzi wakati wa kuwapelekea maji. Basi Chiriku, alipokosa kisa kipya cha kusimulia, akatunga kimoja. Akawaambia wenzake kwamba mzee bado anapiga mluzi. Unaanza mwembamba, unakatika, unaanza tena. Ukiitika, hutoki.

Kisa kilienda vizuri kuliko alivyotarajia. Mpaka wanafunzi wa madarasa ya juu, wenye sauti za kukwaruza, wakawa wanazunguka mbali. Chiriku alicheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma.

Kiangazi kikaingia, na moto ukaja kweli. Uliteremka kutoka kileleni, na kikosi kikapambana nao mpaka uso wa Shangazi ukawa mweusi kama chungu. Walikata njia ya udongo mtupu kukizunguka kilima. Waling'oa majani, wakafagia takataka zote, na moto ulipofika hapo ukakosa cha kula. Ukalala.

Lakini moto uliolala si moto uliokufa, na kwa hiyo ikafuata kazi waliyoiita kupapasa. Wenyeji waligawana njia ile vipande vipande, wakatembea wakigusa majivu na udongo kwa mgongo wa mkono. Shangazi alikuwa mkali sana kwa hilo.

"Si kiganja! Kiganja kimeshazoea sufuria na mipini, kinadanganya. Mgongo wa mkono haujui uongo."

Kila kipande kilikuwa na kigingi chake. Ukikuta joto, unafunga kitambaa chekundu na mabomba yanakuja. Ukikuta baridi, unafunga cheupe na kupaza sauti, "Baridi!" Basi hapo pamekwisha.

Chiriku alipangwa na binamu yake, Kinyonga, mvulana aliyekuwa akifikiria hata kabla ya kupiga chafya. Alipapasa kila jiwe kana kwamba analipima homa.

"Kwa mwendo huu," Chiriku akasema, "tutamaliza tukiwa na wajukuu. Wewe malizia hapa, mimi nashika korongo."

"Peke yako? Na Mzee wa Mizinga je?"

"Mluzi wa Mzee wa Mizinga nimeutunga mimi, bwana wee!"

Akashuka korongoni akiimba. Wimbo haukufika mbali. Huko chini hakukuwa na ndege wala nyenje, na jua la mchana lilipita juu ya kingo bila kuteremka. Majivu yalikuwa laini kama unga, yakimeza nyayo zake. Kibanda kilikuwa kimebaki kuta tu, na mlango wake umekuwa tundu jeusi. Chiriku akainama ili aguse udongo.

Fyuuuu.

Mkono ukamwishia hewani. Mluzi ulikuwa mwembamba, mrefu, ukitoka mahali fulani chini ya miguu yake. Ukakatika. Kisha ukaanza tena, vilevile alivyousimulia.

Miguu niponye! Hakujua alipandaje ule ukingo. Alipojikuta juu, kitambaa cheupe kilikuwa bado mkononi. Angesema nini? Kwamba Chiriku, aliyewacheka wote, amekimbizwa na kisa chake mwenyewe? Akakifunga haraka kwenye kigingi, akapaza sauti, "Baridi!"

Kinyonga akaja polepole. "Umeshamaliza?"

"Mimi si wewe."

"Mbona mikono yako haina majivu?"

"Nimenawa."

"Kwa maji gani?"

"Ya Mheshimiwa."

Kinyonga akamtazama punda, aliyekuwa mbali kule chini akitafuna. Alikuwa bado anafikiria.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuwa ya ajabu. Asubuhi moja ya ukungu, bila upepo hata wa kutikisa jani, mti mkubwa ulianguka kule korongoni. Sauti yake ilishuka mpaka nyumbani, kisha kimya. Mheshimiwa akaacha kula. Alisimama siku nzima masikio yameelekea korongoni, kama anayeambiwa jambo.

Nyumba ya Shangazi ndiyo iliyokuwa ya mwisho, chini kabisa ya korongo lile. Bibi, mama yake Shangazi, alishinda dirishani kwenye kiti chake, maana miguu yake ilikuwa imeacha kumsikiliza.

"Nani amewasha jiko la kuni mapema hivi?" akauliza.

Jiko lilikuwa baridi. Chiriku alilitazama, kisha akachukua ndoo.

Alipotoka kumpelekea punda maji, akaona kitu. Chini ya ile njia ya udongo, upande wa nyumba, mahali ambapo moto haukuwahi kupita, uzi mwembamba wa kijivu ulikuwa ukitoka ardhini. Nyasi zilizouzunguka zilikuwa za kijani kabisa. Uzi ukapanda, ukajichanganya na ukungu, ukapotea.

"Shangazi," akasema kwa sauti ndogo, "kule korongoni kama kuna moshi."

Shangazi akatazama juu. "Ni ukungu tu, mwanangu. Korongo limepapaswa. Si kile pale kitambaa cheupe?"

Na kweli kilikuwa pale, kinaning'inia kigingini, cheupe pee. Kila mtu mzima aliyepita alikitazama na kwenda zake ameridhika. Chiriku akaanza kukiogopa kitambaa kile kuliko hata ule mluzi.

Siku iliyofuata lori likaja. Moto ulikuwa umezuka kwenye milima ya mbali, na kikosi kilitakiwa huko. Fundi akapakia mabomba ya mgongoni, majembe, mashoka, vipigio vyote. Stoo ikabaki na misumari ya kutundikia tu. Dereva akawasha injini. Shangazi akamkumbatia Chiriku.

"Mtunze Bibi. Tukichelewa usihangaike, kilima chetu kimelala."

Chiriku akafungua mdomo. Ule mdomo usio na breki, leo ukagoma kuwaka. Shangazi akaweka mguu kwenye ngazi ya lori, na kwa mbali, dirishani, Bibi akakohoa.

"Sikugusa!" Chiriku akapiga kelele.

"Hukugusa nini?"

"Korongo! Sikugusa hata jiwe moja. Nilifunga kitambaa nikakimbia. Mzee wa Mizinga alipiga mluzi."

Dereva akazima injini. Fundi akajikuna kidevu. "Lakini mluzi huo si uliutunga wewe?"

"Ndiyo, Fundi. Na alipiga hivyohivyo nilivyotunga."

Hakuna aliyecheka. Shangazi akashusha mguu, akawageukia wenzake. "Shusheni mabomba. Mleteni na Mheshimiwa."

Walipanda wakiwa wamebeba mabomba migongoni, maji yakisema chubwi chubwi. Kinyonga naye akaja, bila kuulizwa. Chini kidogo ya ile njia ya udongo punda akasimama. Fundi akamvuta kamba, akambembeleza, akamwita majina yasiyofaa kuandikwa kitabuni. Mheshimiwa akawa anainua kwato moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu aliyekanyaga sakafu yenye makaa.

Shangazi akapiga goti, akaweka mgongo wa mkono kwenye nyasi. Akauondoa upesi.

"Rudini nyuma. Tumesimama juu ya jiko."

Akachukua mtaimbo, kile chuma kirefu cha kutobolea ardhi, akauchomeka mbele yake. Ardhi haikuukataa. Ilizama kama ganda la uji uliopoa, likafunguka tundu, na ndani ya tundu mkawa na wekundu. Haukuwa na miale. Ulikuwa ukififia na kung'aa, ukififia na kung'aa, kama unavuta pumzi. Na kutoka ukingo wa juu, karibu na kibanda, ukaja ule mluzi.

Fyuuuu.

Fundi akajikuta ameshika mkia wa punda.

"Ni mizizi," Shangazi akasema, lakini hata yeye aliisema kwa kunong'ona. "Moto uliingia kwenye mizizi ya ule mti ulioanguka. Unatambaa huku chini ukiila polepole. Mzizi ukishaliwa unabaki bomba tupu, na moto unavuta hewa kupitia humo. Ndiyo huo mluzi. Umepita chini ya njia yetu, unaelekea nyumbani."

Basi kazi ikaanza. Walichimba mtaro upande wa chini, kati ya moto na nyumba, mpaka wakafika kwenye udongo usio na mizizi. Kila mzizi uliojitokeza waliukata kwa shoka, na mingine ilitoa cheche ilipokatwa. Wenye mabomba ya mgongoni wakanyunyiza ndani ya matundu, wengine wakakoroga udongo na maji kwa majembe mpaka ukawa tope. Mvuke ulifuka kila mahali, watu wakawa wanaonekana nusu nusu, kichwa hapa, mkono pale. Mluzi ukazidi kuwa mzito, ukashuka, ukashuka, kisha ukakatika katikati, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana safari.

"Haya, Chiriku," Shangazi akasema. "Kamilisha kazi yako."

Chiriku akapiga magoti kwenye tope. Kinyonga akapiga magoti pembeni yake, na wakapapasa korongo zima kwa mgongo wa mkono, jiwe kwa jiwe, mpaka kwenye mlango wa kibanda. Ilikuwa mara ya kwanza mwendo wa Kinyonga kumpendeza.

"Baridi," Chiriku akasema mwishoni, kwa sauti ya kawaida. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

Lori lilikuwa bado linasubiri. Shangazi akaketi juu ya jiwe, akamvuta Chiriku karibu.

"Sikugombezi kwa kuogopa. Hili korongo hata mimi silipendi. Lakini sikiliza. Ukisema umeogopa, wenzako wanakuja. Ukisema umemaliza, wenzako wanaondoka. Leo tungeondoka na kila bomba tulilo nalo, na Bibi yako yuko dirishani."

"Nisamehe, Shangazi. Niliona haya."

"Najua. Haya ingekusindikiza mpaka lini? Umesema wakati lori limewaka na watu wote wanakutazama, na hilo ni gumu kuliko kushuka korongoni. Ila siku nyingine usingoje lori."

Kisha Shangazi akafungua kilemba chake cha manjano, akachana kipande kutoka kwenye upindo, akampa.

"Tulikuwa na chekundu na cheupe tu. Kosa letu watu wazima. Kuanzia leo kuna na cha manjano. Maana yake, hapa nimeshindwa, njooni wawili."

"Nani atakubali kufunga hicho?" Fundi akauliza, akipanda lori. "Si atachekwa mpaka uzeeni!"

Kikosi kiliporudi kutoka milima ya mbali, Shangazi aliagiza korongo lipapaswe tena kwa usalama, na safari hii zamu ilimwangukia Fundi. Alikwenda peke yake, kifua mbele, akaenda na kurudi upesi mno. Jioni Chiriku na Kinyonga walipopita, walikuta kigingi cha korongoni kina kitambaa cha manjano, kimefungwa mafundo mengi.

"Ni upepo umekileta," Fundi akasema walipomkuta stoo na kumuuliza.

"Na mafundo je, Fundi?"

Fundi akainama, akaanza kukaza koki ya bomba ambalo halikuwa linavuja.

Chiriku alikuwa na maneno tele ya kumwambia. Akayameza. Akamshika mkono Fundi, Kinyonga akatangulia kwa mwendo wake, na wakapanda kilima, wakashuka korongoni wote watatu.