Baiskeli Iliyopimwa kwa Miguu ya Mume

Kila asubuhi Ngazi huifuta baiskeli ya mkewe mpaka ing'ae. Yeye ni mwashi, mrefu hasa, ndiyo maana mtaani wanamwita Ngazi.

"Bibie, chombo tayari!" aliita siku hiyo.

Mkewe, mshonaji, alitoka na mkoba wa nguo begani. Zamani alikwenda kazini kwa miguu. Kisha mumewe akamletea baiskeli hii kwa siri, akasema, "Sasa miguu yako ipumzike." Mshonaji alilia kwa furaha.

Lakini kiti kilikuwa juu na usukani chini. Aliendesha ameinama kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Akifika kazini, vidole vimekufa ganzi. Jana alishona mkono wa shati ukaenda kombo. Mwenye duka la nguo anakofanya kazi aliushika, akauliza, "Huu umeshonwa na nani? Wewe?"

Vidole ndiyo kazi yake. Lakini atamwambiaje mume?

Asubuhi hiyo, alipokata kona mumewe asimwone, alishuka akaanza kuisukuma. Jirani yake, mkunga, akamfikia kwa baiskeli yake.

"Jirani, baiskeli yako inaumwa? Naona unaisindikiza hospitali!"

Mshonaji alicheka, kisha machozi yakamtoka. Akaeleza yote.

"Mume wako anajua?"

"Aliileta kwa mapenzi, dada."

"Ganzi haijui mapenzi. Kabla ya kununua, nani aliijaribu?"

"Yeye mwenyewe."

"Basi alijinunulia yeye, akakupa wewe! Hebu niambie, unaweza kumshonea mteja gauni bila kumpima?"

"Hata siku moja!"

"Na baiskeli ni hivyo hivyo. Ukikaa, pedeli ikiwa chini kabisa, goti lipinde kidogo tu. Ukiisimamisha ukiwa bado kitini, vidole vya miguu vifike chini. Usukani uwe sawa na kiti au juu kidogo, ili mgongo ukae wima na uzito usilalie viganja. Na hizi tairi nyembamba! Barabara yetu ina mashimo, kila jiwe unalihisi. Chukua nene kiasi, uzijaze upepo vizuri, itakwenda kwa wepesi. Na mkoba ubebwe na keria hapo nyuma ya kiti, siyo bega."

Jioni mshonaji alijikaza, akamwambia mumewe yote. Ngazi akashika vidole vya mkewe, akavikanda kimoja kimoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa kukuvunja moyo."

"Moyo wangu haukai kwenye baiskeli, mke wangu."

Akachukua utepe wake wa kupimia, akapiga magoti. "Simama wima, mteja. Tunaanza na mguu."

"Unanitekenya!"

"Mteja hasemi."

Siku ya mapumziko waliirudisha kwenye duka ilikonunuliwa, wabadilishiwe. Ngazi aliona nyingine inayong'aa, akataka kuirukia. Mkewe akamzuia. "Subiri. Safari hii napanda mimi."

Alijaribu moja, akaikataa. Akajaribu ya pili, akaikataa. Ya tatu haikung'aa sana, lakini alizunguka nayo uwanja mzima akiwa ameketi wima, anatabasamu.

Siku hizi anafika kazini mapema, vidole vyepesi. Mikono ya mashati imenyooka.

Juzi Ngazi aliiazima aende dukani. Magoti yakagonga usukani, akashuka analalamika.

"Bibie, hii haipandiki!"

"Ndiyo maana ni yangu," mkewe akajibu.

Ngazi akacheka, akachukua kitambaa, akaanza kuifuta.