Botine ya Mine Haiko ya Moto

Habari hii alinipatia Mama Edith, jirani yangu, siku ya tatu kisha Pasaka. Tulikuwa tunachagula kunde pa mulango yake. Ni mambo ya mwaka uliopita, ya ku nyumba yake mwenyewe. Alisema niandike, juu bantu bengi banafanyaka ile kosa.

Mama Edith na bwana yake, Papa Hénoc, bako na mutoto mwanamuke, Huguette. Iko na miaka makumi mbili na tano. Siku tano za juma anafundisha batoto hesabu ku masomo. Siku ya sita, siku ya posho, anapanda moto, ile pikipiki. Haiko ile moto ya kubeba bantu. Ni ya motokrosi, murefu, ya kuruka mu vumbi. Mara ingine anazunguka ku pisti ya udongo pembeni ya muji. Mara ingine anapita njia ya pori pamoja na barafiki, mu muchanga na mu matope, ngambo ya Kasomeno. Ile ya pori banaitaka anduro.

Papa Hénoc alitumika mu mine, kuchimba mawe, miaka makumi mbili na mbili. Baba yake pia alikuwa mutu wa mine. Mu ile jamaa, mutoto akianza kintu ya nguvu, baba anamupatia botine yake, kiatu ya kazi. Papa Hénoc hana mutoto mwanaume. Basi siku Huguette alinunua moto, alimuletea botine.

— Vaa, alisema. Iko na chuma mbele. Jiwe ya kilo makumi mbili iliiangukiaka, bidole byangu bikabakia byote.

— Papa, hii ni nimero makumi ine na tatu. Miye ninavaa makumi tatu na tisa.

— Tutatia soksi mbili.

— Itaomba ine.

— Basi ine.

Mama Edith alikuwa anapika. Hakugeuka.

— Soksi zikikosa, tia gazeti, alisema. Baba yako alinioa na gazeti mu biatu.

Huguette alivaa. Hakutaka kumukatalia baba yake. Miezi mingi alipanda moto na ile botine, na hakuna kintu kilitokea.

Mu mwezi wa tano, ku pisti, moto iliteleza mu kona. Huguette alishusha muguu ya kushoto kwa kujisimamisha. Kisigino ya botine ikakwama mu mufereji wa magurudumu. Moto ikaenda mbele, muguu ikabakia nyuma. Ikageuka.

Balimuleta ku nyumba. Papa Hénoc alivula botine polepole, akahesabu bidole.

— Ona, biko byote bitano.

— Papa, bidole njo byenye habiniumi.

Fundo ya muguu ilikuwa imevimba sawa papai. Ku hospitali balipiga picha. Mufupa haukuvunjika, lakini nyuzi zenye kufunga mifupa ya fundo zilipasuka nusu. Dokta alisema: apumuzike, afanye mazoezi, asipande moto mpaka atamupima tena. Kama muguu inageuka vile mara ya pili, anaweza kuchechemea maisha yote. Na mwalimu anasimamaka kutwa nzima.

Mangaribi ile Papa Hénoc alisema:

— Kama chuma imeshindwa, hakuna kiatu kitaweza. Moto itauzishwa.

Ile moto, Huguette alikuwa ameitafutia makuta miaka tatu. Alianza kulia bila sauti, na baba yake akatoka inje.

Mama Edith alimufuata.

— Hénoc, weye unajua mine. Moto, unaijua? Mbele ya kuuzisha, enda uulize Dédé.

Dédé ni fundi wa biatu, iko na meza yake karibu na soko. Bapanda-moto bote ba muji banamuletea biatu bya kushona na bya kubadirisha semeli ya chini. Na iko anauzisha bote, biatu birefu bya moto, zenye zilikwisha kuvaliwa. Mu mwezi wa saba, wakati Huguette aliweza kutembea kidogo, balienda kwake batatu. Papa Hénoc alibeba botine mu mufuko.

— Fundi, alisema, niambie kweli. Hii imeshindwa. Ingine itaweza nini?

Dédé aliishika, akaigeuza.

— Papa, botine hii ni ya nguvu. Haina kosa. Mu mine, hatari inatoka juu. Jiwe inaanguka, njo maana chuma iko ku bidole. Ku moto, hatari inatoka pembeni. Shika kisigino na mukono moja, shika juu na mukono ingine. Geuza.

Papa Hénoc aligeuza. Botine ikakunjama pa fundo bila shida.

— Sasa hii.

Dédé alimupatia bote ya motokrosi. Ilikuwa murefu, inafika karibu na goti. Mbele ya mufupa wa muguu ilikuwa na plastike nguvu, na pembeni ya fundo plastike ingine. Papa Hénoc aligeuza. Akageuza tena, akiuma meno. Mwisho akaiweka chini, akaikanyaga na goti.

— Inakatala, alisema.

— Ukiivunja, Papa, sikulipishe.

Bamama ba soko balianza kuchekelea. Mumoja akasema: Muzee anapigana na kiatu, na kiatu kinamushinda.

Dédé akaendelea:

— Na kamba za botine, Papa, zinaweza kukwama pa kikanyagio ya vitesi, ile ya kubadirisha mwendo. Bote ya moto inafungwa na bukle hizi za kubana. Haizuie hatari yote. Inapunguza. Kasike ya kichwa pia anavaa, mutoto?

— Siku zote, Huguette alijibu. Alikuwa amekwisha kushika bote moja nyeupe. Yaya Dédé, miye ninapenda hii.

— Juu ya rangi?

— Juu ya rangi.

— Ile ni ya pisti. Angalia semeli: iko laini, inateleza bila kukwama. Muzuri ku pisti. Lakini mu matope, ukishuka kusukuma moto, utacheza sawa mulevi. Kwa mwezi, siku ngapi uko ku pisti?

— Moja.

— Na mu pori?

— Tatu.

— Basi umejijibu. Kamata ya anduro. Iko na meno chini. Inakunjama kidogo mbele na nyuma, juu utatembea. Lakini pembeni haikunjame. Kama inakunjama pembeni, iache pale.

Papa Hénoc alichukua pea ya nimero makumi ine na moja.

— Hii itamuenea wakati murefu.

— Papa, Dédé alisema, mutoto wa miaka makumi mbili na tano anakua tena?

Mama Edith alicheka mpaka alishika meza. Dédé alimuvalisha Huguette nimero yake, na soksi nzito anavaaka ku moto, moja tu.

— Simama. Kisigino inapanda?

— Hapana.

— Bidole binagusa mbele?

— Hapana.

— Funga bukle. Zisifike mwisho, zibakie katikati, upate nafasi ya kukaza. Panda moto yangu pale. Tafuta vitesi. Tafuta freni, kama unasimama. Unasikia? Muzuri umekuja kisha saa sita. Asubui muguu iko mudogo, inadanganya.

Mbele ya kubauzishia, Dédé aliangalia kila bukle, kila mushono, kila plastike. Pea ingine pa meza ilikuwa na ufa chini ya bukle. Aliitupa ku kapu.

— Ile haiko ya kuuzisha, alisema. Nitakata bukle tu, za kutengeneza zingine.

Juma mbili Huguette alivaa bote ku nyumba, zipate kulainika. Alienda nazo mpaka ku robine, polepole.

— Madame, jirani mumoja aliuliza, unaenda ku vita ao ku maji?

— Ku maji. Vita iko kwenu.

Mu mwezi wa tisa dokta alimupima, akamuruhusu. Mwezi uliofuata alienda mu pori na rafiki yake Chance. Mu muchanga gurudumu ya mbele ikazama. Moto ikaanguka na kulala juu ya muguu yake ya kushoto. Chance aliinua moto. Huguette akabakia chini kwanza, akachezesha muguu. Kisha akasimama.

Alifika ku nyumba mbele ya giza. Papa Hénoc alikuwa pa kiti.

— Ulianguka?

— Nilianguka.

— Muguu gani?

— Ile ile.

Alimuvulisha bote, akafinya fundo na kidole gumba, huku na huku.

— Tembea.

Alitembea mpaka ku mulango, akarudia.

— Tembea tena.

— Hénoc, Mama Edith alisema, mutoto iko na njaa.

Balikula bukari na samaki. Huguette alilala wa kwanza, na Mama Edith akamufuata. Mambo ya kuuzisha moto hakuna mutu aliyasema.

Papa Hénoc alimwanga muchanga yenye ilikuwa mu bote. Akazipangusa na kitambaa ya maji, akafungua bukle zote. Akazitia pa dirisha, penye upepo, mbali na mbabula, juu moto wa makala unapasulaka plastike. Mbele ya bote ya kushoto aliona mukwaruzo, murefu sawa kidole. Alipitisha kidole ndani yake mara mbili. Kisha akafunga mulango, akalala.