Unga Ndani ya Tairi

Kila asubuhi ya likizo Mutindi alimaliza kazi za nyumbani mapema. Aliteka maji, akafagia uwanja, akawafungulia mbuzi, kisha akavaa koti kuukuu la baba yake lililomfika magotini na kushuka sokoni Kasikeu. Wasichana wenzake wa darasa la sita walikaa kivulini wakisuka vyondo na kupiga gumzo. Mutindi alikuwa anakwenda kushika spana.

Baba yake, Kisilu, alikuwa fundi wa baiskeli na pikipiki. Karakana yake ilikuwa paa la mabati lililoegemea ukuta wa duka la nafaka, na chini ya paa hilo kulikuwa na benchi, sanduku la vyuma na harufu ya grisi ambayo Mutindi aliipenda kuliko marashi. Watu walimtania sana Kisilu kwa sababu ya binti huyo.

"Fundi, huyu utamwoza nani? Trekta?" waliuliza.

"Yeyote anayejua kufua nguo," Kisilu alijibu bila kuinua kichwa, na kazi ikaendelea.

Alikuwa baba mwema, lakini karakana ilikuwa na sheria moja isiyopindishwa. Mwaka uliotangulia alikuwa na mwanafunzi wa kazi aliyeitwa Muthama, kijana hodari kweli. Muthama aliharibu nati ya gurudumu la mteja, akaikaza hivyo hivyo na kunyamaza. Gurudumu lilichomoka barabarani, mteja akarudi akichechemea. Kisilu alimfukuza Muthama siku hiyo hiyo. "Kukosa ni kukosa," alisema. "Lakini mtu wa kunificha kazi, hapa hana nafasi." Mutindi alikuwepo, na maneno hayo hakuyasahau.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa 1989. Wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, kwaya ya watoto ya kanisa lao ilishonewa sare mpya za buluu. Siku ya mazoezi wasichana walitaka wapendeze, na kupendeza kwa msichana wa kwaya huko Kasikeu kulimaanisha jambo moja: shingo nyeupe kwa poda. Bila poda shingoni, hata ukiimba kama ndege, wenzako watakuona umeamka tu kitandani na kuja.

"Nani ana poda?" Ndululu, kiongozi wa sauti ya kwanza, aliuliza.

"Mimi ninayo!" Mutindi alisema. Akakimbia karakanani na kuuchukua mkebe wa poda uliokaa juu ya sanduku la vyuma. Poda hiyo Kisilu hakuinunua kwa ajili ya shingo za watu. Ilikuwa ya kupaka tyubu ili isishikane na mpira wa tairi. Mutindi aliwaza kwamba kidogo tu hakitaonekana. Lakini kila shingo ilitaka kidogo chake, wengine wakaomba na cha kifuani na cha kuweka kwa ajili ya Jumapili, na mkebe uliporudi sandukuni ulikuwa mwepesi kama ganda la yai.

Jumamosi asubuhi, Evanson Kahiga alikuja akisukuma pikipiki yake. Kahiga alikuwa mtu wa kutoka Murang'a aliyekuja kufungua duka la dawa za mifugo, akaoa na kukaa. Pikipiki yake ilikuwa ya zamani sana, ya Kiingereza, ya rangi nyeusi, yenye mngurumo wa kuamsha kijiji. Aliipenda mno. Begani alikuwa amebeba tairi jipya.

"Fundi Kisilu, nimezunguka Nairobi yote," alisema. "Saizi ya hii pikipiki haipatikani tena. Nimepata hii peke yake, na wananiambia ni ya kutumika bila tyubu. Sasa itaingia kweli?"

"Kuingia itaingia," Kisilu alisema kwa uhakika. Aliligeuza tairi, akaligonga kwa kidole. "Lakini tyubu lazima. Mutindi, mwambie kwa nini."

Mutindi alifurahi kuulizwa mbele ya mteja. "Kwa sababu gurudumu la zamani lina spoki," alisema. "Kila spoki imepita kwenye tundu lake. Ukijaza upepo bila tyubu, utatokea kwenye matundu yote."

"Umesikia?" Kisilu alimwambia Kahiga, akijaribu kuficha tabasamu na kushindwa. "Shida ni moja. Hii tairi ni nene, na tyubu ikisuguana nayo ndani kunakuwa moto. Kwa hivyo tunapaka poda nyingi, na wewe huendi mbio."

"Siendi mbio. Kesho baada ya kanisa nampeleka mke wangu Rahab mjini Wote. Jumatatu anaanza kufundisha huko, na mtoto tutambeba."

Kazi ilianza. Kisilu alilivua tairi kuukuu, akakagua spoki na kuzifunika kwa utepe wa mpira zisichome tyubu. Alipokuwa anataka kuendelea, mwenye duka la nafaka alimwita kwa kelele amsaidie mzani uliokwama. "Paka tyubu poda," alimwambia Mutindi huku akiondoka. "Isibaki hata mahali padogo."

Mutindi alichukua mkebe na kuutikisa. Hakikutoka kitu. Aliupiga kitako, ukatoa vumbi lisilotosha kupaka hata kidole. Angeweza kumfuata baba yake na kumwambia ukweli, lakini alimkumbuka Muthama, na hakwenda.

Chini ya benchi kulikuwa na mfuko wa unga wa mahindi aliotoka kusaga kwenye posho mili. Mutindi aliutazama. Ulikuwa mweupe, laini, mkavu. Poda nayo ni nini, kama si unga unaonukia? Alichota kwa kiganja, akapaka tyubu yote, hata mahali padogo pasibaki.

Kisilu aliporudi, aliitazama tyubu iliyokuwa nyeupe pepe. "Vizuri sana," alisema. "Wengi hupaka juu juu tu. Wewe una mkono wa fundi."

Sifa hiyo ilimchoma Mutindi kuliko kofi. Walipaka kingo za tairi maji ya sabuni ili ziteleze, wakaliingiza kwa vyuma vya kubandulia, wakajaza upepo. Tairi likakaa sawasawa. Kahiga alikuja jioni, akaizunguka pikipiki yake mara kadhaa kama mtu anayekagua fahali wa mahari, akaondoka akiimba.

Jumapili asubuhi Mutindi alipewa sufuria ya ugali wa jana aisugue. Ukoko ulikuwa umeganda chini, mgumu, wenye kingo zinazokwaruza. Alisugua kwa mchanga mpaka vidole vikamuuma. Ndipo mkono ulipomsimama. Unga, maji na moto. Ndani ya lile tairi kulikuwa na unga, na maji ya sabuni lazima yalipenya kidogo. Na baba yake mwenyewe alikuwa amesema kwamba safarini ndani ya tairi kutakuwa na moto.

Alipika ugali kila siku. Alijua vizuri kitakachotokea. Unga ungeshikana, ukauke vipande vipande, vipande viisugue tyubu mpaka itoboke, na tyubu ingetoboka wakati Rahab amekaa nyuma na mtoto mgongoni. 

Alikwenda mpaka mlango wa chumba cha baba yake. Kisilu alikuwa anafunga tai mbele ya kioo, akipiga mluzi. "Kuna nini, mama?" aliuliza. Alikuwa amemwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa Mutindi alirithi jina la bibi yake, mamake Kisilu.

"Hakuna kitu, Baba," Mutindi alijibu. Alijichukia pale pale.

Kanisani kwaya iliimba, shingo zote nyeupe. Mutindi alifungua mdomo tu, sauti haikutoka. Kahiga alikaa upande wa wanaume, kofia yake ya pikipiki chini ya benchi. Rahab alikaa mbele akimpakata mtoto, na mtoto aliwatazama waimbaji akacheka. Mutindi aliinamisha macho.

Ibada ilipokwisha watu walitoka kuwaaga Kahiga na mkewe. Mizigo ilikuwa imetumwa mbele kwa basi. Rahab alimfunga mtoto mgongoni kwa leso, akakaza fundo, akashika bega la mumewe ili apande. Kahiga alipiga teke, pikipiki ikanguruma, na watoto wakapiga makofi.

"Mwalimu, usipande!"

Mutindi alijikuta amesimama mbele ya gurudumu, ameshika usukani kwa mikono miwili. Kahiga alizima injini. Kisilu akapenya katikati ya watu.

"Mutindi! Ni nini hii?"

"Baba, hiyo tairi ni mbaya. Ndani si poda." Hakuachilia usukani. "Poda tuliimaliza kwa kwaya. Mimi ndiye niliitoa. Halafu nikapaka tyubu unga wa ugali, na sikukuambia."

Kicheko kililipuka. "Wamepikia pikipiki!" mtu mmoja alipaza sauti, na Ndululu akajifuta shingo haraka haraka. Kisilu peke yake hakucheka. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Kahiga.

"Tairi inafunguliwa," alisema. "Sasa hivi."

"Lakini ni Jumapili," mzee mmoja wa kanisa alikumbusha. Kisilu hakuwa amewahi kugusa spana siku ya Jumapili.

Mchungaji Musembi, aliyekuwa mlangoni akisalimia waumini, alijibu yeye. "Ng'ombe wako akitumbukia kisimani siku ya Sabato, utangoja Jumatatu? Nendeni."

Umati wote uliifuata pikipiki karakanani. Kisilu alivua koti la kanisani, akakunja mikono ya shati, akalibandua tairi. Mutindi alimpa kila chuma kabla hajakiitisha. Tyubu ilipotoka, kila mtu aliona. Upande ambao maji yalipenya, unga ulikuwa umeanza kuwa madonge, mengine yameshikamana na mpira.

"Na hapo haijaenda popote," Kahiga alisema polepole. Rahab alimshika mtoto wake mguu mdogo uliochungulia kwenye leso.

Kisilu alipitisha kiganja ndani ya tairi kutoa unga. Ghafla mkono ukasimama. Alirudisha vidole nyuma, akainama, akachungulia. Uso wake ulibadilika.

"Mutindi, lete mwanga."

Alileta tochi. Ndani ya tairi, chini ya unga, kulikuwa na kipande cha karatasi ngumu kilichobandikwa kiwandani, kipana kama kiganja. Kona moja ilikuwa imebanduka na kusimama.

"Mnaona hii?" Kisilu aliwauliza watu, na sauti yake haikuwa na majivuno tena. "Tairi ikitumika bila tyubu, hii karatasi haina shida. Ukiweka tyubu, lazima uitoe kwanza. Ukingo wake unasugua tyubu kama msasa mpaka inapasuka. Jana ilikuwa kazi yangu kuangalia ndani. Niliitwa kwa mzani, nikarudi, nikasahau. Huyu mtoto hana makosa kwa hii. Ni mimi."

Sasa hakuna aliyecheka. Unga ungechukua muda kuharibu tyubu, lakini karatasi ile ingeweza kuitoboa kabla hawajafika Wote, na kama Mutindi angefunga mdomo, hakuna ambaye angeiona.

Kisilu aliikwangua karatasi mpaka ikaisha. Mutindi aliosha tairi, akalikausha kwa kitambaa, akapitisha kiganja ndani kote, na baba yake akapitisha chake baada yake. Kilichobaki ni poda, na maduka yalikuwa yamefungwa. Rahab alifungua mkoba wake, akatoa mkebe wa mtoto.

"Chukueni," alisema. "Ila msiimbe."

Watu wakacheka tena, na safari hii Mutindi naye alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni. Alipaka tyubu poda, tairi likafungwa, upepo ukajazwa. Kahiga aliendesha mpaka mwisho wa soko na kurudi, akashuka kuligusa tairi, kisha akamsaidia mkewe kupanda. Kabla ya kuondoka Rahab alimpa Mutindi mkono kama mtu mzima anavyompa mtu mzima. Pikipiki ilishika barabara ya Wote taratibu, bila mbio.

Umati ulipotawanyika, Mutindi alivua lile koti kuukuu alilokuwa amelivaa juu ya sare walipofika karakanani, akalikunja na kuliweka juu ya benchi.

"Najua sheria, Baba," alisema. "Nilikuficha kazi."

Kisilu aliketi, akafuta mikono kwa kitambaa kidole kimoja kimoja. "Ulinificha, ndiyo. Na kutoa poda bila ruhusa ni wizi, hata kama ni ya kwaya ya Mungu. Utafagia hii karakana kila jioni mpaka Krismasi, na kwa hilo hatubishani." Alikiweka kitambaa chini. "Muthama nilimfukuza kwa sababu alingoja mpaka mtu akaumia. Wewe ulisimama mbele ya gurudumu, mbele ya kanisa lote, ukijua utachekwa na ukijua sheria. Mimi mwenyewe sijui kama ningeweza."

Mutindi aliokota spana iliyobaki chini na kuirudisha sandukuni.

"Sikiliza, mama. Tairi ikishafungwa, hakuna mtu anaona ndani. Mwenye pikipiki haoni, askari wa barabarani haoni. Anayejua kilichomo ni yule aliyeifunga, peke yake. Watu wanapanda na watoto wao mgongoni kwa kuliamini neno lake. Ndiyo maana hii kazi mikono mizuri haitoshi. Inataka mtu wa kusema ukweli, na kuusema mapema."

Akalichukua koti juu ya benchi, akalikung'uta unga, na kumvisha binti yake.