Mawigi Matatu ya Dokta

“Nataka matatu, Fundi. Yafanane mpaka mama yao ashindwe kuyatofautisha.”

“Matatu ya filamu gani?”

“Si ya filamu. Ya kuolewa.”

Sindano ikamchoma Fundi kidole gumba. Akajifanya haikumchoma.

Mwanamke aliyekaa kwenye kiti mbele ya kioo alikuwa mwigizaji, na mji mzima ulimwita Dokta ingawa hajawahi kumpima mtu hata homa. Jina lilimganda kutokana na filamu moja aliyoigiza daktari wa zamu. Fundi ndiye aliyeshona wigi la filamu ile, na mawigi ya filamu zake zote kwa miaka kumi na moja. Kwa miaka kumi kati ya hiyo alikuwa anampenda kimyakimya. Ule wa kwanza alikuwa bado anabishana na nafsi yake.

“Unaolewa na nani?”

“Yule mkandarasi niliyekuambia.”

“Hukuniambia.”

“Sikukuambia? Basi nimekuambia leo. Jumamosi ijayo.”

“Hongera,” Fundi alisema, na neno likatoka kama limepitia puani.

“Nataka lile la Dokta. Fupi, linaloishia mashavuni, na mbele lidondoke mpaka juu ya nyusi. Yule bwana siku ya kwanza tunakutana nilikuwa natoka kazini, nalo kichwani. Tangu siku hiyo sijamvulia.”

“Muda gani?”

“Mwaka na miezi mitatu.”

“Hata siku moja?”

“Hata siku moja. Moja la kuvaa, moja la kufuliwa, moja la kulalia.”

“La kulalia?”

“Usinitazame hivyo, Fundi. Wewe unajua kilichoko chini.”

Alijua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Dokta alivua wigi alilokuja nalo, akaliweka mapajani. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimesukwa mistari myembamba, lakini mistari ilianzia nyuma, kama vidole viwili kutoka mahali pake. Mbele na juu ya masikio hapakuwa na cha kusuka, ni ngozi tupu inayong’aa.

“Ni ya ukoo hii,” alisema akijitazama kiooni. “Mama naye zilimkimbia hivi hivi. Au siyo, Fundi?”

Fundi akakohoa. “Inamisha kichwa nipime.”

Akampima kwa utepe, taratibu kuliko ilivyohitajika. Hapo ndipo palipokuwa mahali pake pekee pa kumgusa, na hata hapo alikuwa na kisingizio cha sentimita.

“Mimi kwa harusi ningekupandishia nywele juu,” alisema.

“Ukinipandishia juu nakuwa mama wa kambo.”

Wakacheka wote wawili. Dokta alikuwa na uso mrefu, paji pana na taya la mtu asiyebembelezwa. Kwenye filamu ya mama wa kambo, Fundi alizivuta nywele zote nyuma akazikaza kisogoni. Taya likajitokeza, macho yakavutika, na mwezi mzima wauza mboga sokoni walikuwa wanamsonya.

“Walininyima hata chenji,” Dokta alisema. “Na ile ya mjane je? Mwongozaji alitaka nywele za timutimu, kwamba huyu mtu amefiwa.”

“Nikamwambia aache utani. Mchane katikati, ziteremke sawasawa kila upande. Uso mrefu ukichanwa katikati unazidi kurefuka. Mtu anakutazama tu anakupa pole.”

“Na yule msichana wa chuo, mimi nina miaka thelathini na minne.”

“Nilikujazia mashavuni. Uso ukijaa pembeni miaka inapungua.”

“Unaujua uso wangu kuliko mimi.”

Fundi aliinama kuokota pini ambayo haikuwa imeanguka.

Alipobaki peke yake chumba kikawa kikubwa. Kilikuwa chumba kimoja cha kazi na kingine nyuma cha kulala, na kwenye rafu vichwa kumi na viwili vya plasta visivyo na macho. Alikuwa na tabia ya kuviaga akitoka na kuvisalimia akirudi. Usicheke. Kaa miaka kumi na moja bila mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi, uone kama hutasalimia hata kabati.

Jumapili mchana dada yake alipiga simu, kama kila Jumapili.

“Umekula?”

“Nimekula.”

“Nini?”

Fundi akautunga uzi kwenye sindano.

“Hujala. Unashona kichwa cha nani?”

“Cha Dokta. Anaolewa.”

Upande wa pili maji ya bomba yalisikika yakifungwa.

“Pole, kaka.”

“Pole ya nini? Ni mteja.”

“Haya, mteja. Kila mwaka nakuuliza lini utatuletea kichwa chenye mwili, unaniambia subiri. Ulimwambia lini kwamba unampenda?”

“Sijamwambia.”

“Sasa unalia nini?”

“Silii.”

“Unalia. Nakusikia pua.”

Fundi akajifuta kwa kitambaa cha kazi. “Dada, kuna baya kuliko hilo. Nywele zake zimekatika mbele. Anadhani ni ya ukoo. Si ya ukoo, ni gundi. Ile gundi kali ninayombandikia wigi akiwa kazini, ili likae kutwa nzima kwenye joto la taa. Nimeziona zinakwenda, mwaka wa nne huu. Nikamwacha aamini ni mama yake.”

“Kwa nini?”

“Ningemwambia, ningelazimika kumwambia apumzishe kichwa. Mwaka mzima, pengine miwili. Mwaka mzima asingekuwa na sababu ya kuja hapa.”



“Kwa hiyo umemtoa mtu nywele ili usikae peke yako,” dada alisema.

Fundi akakikunja kile kitambaa cha kazi.

“Mwambie. Asiingie kwenye ndoa anajificha kwa sababu yako.”

“Nikimwambia harudi tena.”

“Kaka yangu, hata usipomwambia harudi. Anaolewa.”

Siku tatu alishona. Kila wigi lilipokamilika alilipandisha kwenye kichwa cha plasta, akalichana, akarudi nyuma kulitazama. Yalikuwa mazuri na hakuna kosa hata moja. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba angeweza kumshonea yule mwanamke maisha yote ya kujificha na lisionekane fundo.

Jumatano asubuhi simu ilitoa mlio wa ujumbe.

“Fundi nakuja saa tano. Nina furaha na nina woga. Hii ni kawaida au niende hospitali?”

Akaandika, “Mwulize daktari.” Akafuta. Akaandika, “Njoo tu.”

Dokta alikuja. Alijaribu la kwanza, la pili, la tatu. Mbele ya kioo paji likapotea, macho yakabaki peke yake kuongea, na uso ukawa ule ambao watu huukabidhi wagonjwa wao.

“Fundi, mkono wako ulaaniwe. Hata mimi ningemwoa huyu.”

Fundi alipiga moyo konde, akafungua droo, akampa kadi.

“Hii nini?”

“Vipimo vyako. Soma, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho.”

Dokta akasoma kwa sauti. “Thelathini na sita. Thelathini na sita. Thelathini na sita… Thelathini na tano na nusu. Thelathini na tano. Thelathini na nne. Thelathini na tatu na nusu.” Akacheka kidogo. “Kichwa changu kinasinyaa?”

“Kichwa hakisinyai. Napima kutoka nywele zinapoanzia mbele mpaka zinapoishia kisogoni.”

Kicheko kikakauka. Akaitazama ile kadi tena.

“Hii ya thelathini na tano na nusu ni ya mwaka gani?”

“Miaka minne nyuma.”

“Mimi nimegundua mwaka juzi.”

“Kwa sababu nilikuwa nakuficha. Kila mwaka nilishusha ukingo wa wigi mbele kidogo, usione tofauti kiooni. Si ya ukoo, Dokta. Ni gundi yangu.”

“Ulijua.”

“Nilijua.”

“Nikakaa hapa, kwenye kiti hiki, nikamsingizia marehemu mama yangu. Na wewe umesimama nyuma yangu.”

“Ndiyo.”

“Ningepumzika wakati ule, zingerudi?”

“Nyingi zingerudi.”

“Na sasa?”

“Sijui. Inabidi umwone mtaalamu wa ngozi.”

“Kwa nini, Fundi? Nilikukosea nini?”

“Hukunikosea. Niliogopa hutakuja tena. Nakupenda, miaka yote hii nakupenda.”

Dokta alimtazama kupitia kioo.

“Neno hilo liondoe hapo,” alisema. “Ungelileta siku yoyote nyingine ningekusikiliza. Leo usilete.”

Fundi akainamisha kichwa. Maneno “siku yoyote nyingine” yalimuuma kuliko tusi. Siku nyingine zilikuwapo, kama elfu nne hivi, na zote alizitumia kuokota pini.

Simu ya Dokta ikatetemeka mezani. Akausoma ujumbe, kisha akamwonyesha Fundi.

“Dokta wangu, fundi suti anauliza tai iwe rangi gani. Umekula?”

“Dokta wangu,” Dokta alirudia polepole. “Jumamosi huyu mtu anamwoa nani?” Akavua wigi la tatu, akalirudisha kwenye kichwa cha plasta. “Una mashine ya kunyolea?”

“Ninayo. Ya kazi gani?”

“Kazi yake ni moja. Nyoa.”

“Nenda kwa kinyozi mzuri. Mimi sistahili kukugusa.”

“Hustahili, ni kweli. Lakini nikienda kwa kinyozi picha itasambaa kabla sijafika nyumbani. Wewe angalau kukaa kimya unajua.”

Fundi akachomeka mashine. Mistari ikaanguka mmoja mmoja, mabegani, kwenye kiti, sakafuni. Nyuma ya sikio la kushoto likatokea kovu la nusu kidole, ambalo Fundi alilifahamu tangu kipimo cha kwanza. Kila wigi alilipitisha pembeni lisimsugue. Akalizunguka kwa uangalifu, akamaliza, akapangusa shingo kwa brashi.

Wote wawili wakatazama kiooni. Lile paji alilopigana nalo miaka kumi na moja halikuwa na mwisho tena wa kupimwa. Lilipanda likawa kichwa, na kichwa kilikuwa kizuri. Taya likatulia. Masikio madogo yakaonekana. Hakuwa mjane wala mama wa kambo wala daktari, na Fundi alitamani kumwomba radhi kwa kila sindano.

Dokta akapiga simu ya video kabla moyo haujamgeuka. Mkandarasi akatokea na kofia ya kazini, nyuma yake mashine ya zege ikinguruma.

“Dokta wa…”

Mashine iliendelea kunguruma.

“Subiri,” alisema. Picha ikayumba, ukuta, ngazi, mbingu. Dokta aliishika simu kwa mikono miwili. Kelele zikapungua.

“Sasa nakusikia. Geuka kidogo.”

Akageuka.

“Hayo ndiyo masikio yako?”

“Ndiyo.”

“Madogo hivyo? Mwaka mzima sijawahi kuyaona.”

“Nywele za mbele zimekatika. Pengine hazitarudi. Yale yote uliyokuwa unaona yalikuwa wigi. Umekasirika?”

“Nimekasirika kidogo. Ungeniambia. Nilidhani kichwani hutaki kuguswa kwa sababu ni mimi.”

“Niliogopa. Nilidhani unampenda Dokta.”

Mkandarasi akajikuna shingo. “Nikuambie siri? Ile filamu nilisinzia katikati. Nakuita Dokta kwa sababu kila mtu anakuita.”

Dokta akacheka, kicheko kikubwa kisicho na adabu, mpaka akafuta machozi. Miaka yote Fundi alikuwa hajakisikia hicho, si kazini wala kwenye kiti.

“Na hilo nyuma ya sikio nini?” mkandarasi aliuliza.

“Kovu.”

“La nini?”

Dokta akavuta kiti, akakaa vizuri. “Nilikuwa na miaka sita. Mdogo wangu alipanda juu ya kabati kushusha redio ya baba. Nikasimama chini nimdake, na redio ikatangulia…”

Akasimulia yote, redio, damu, jirani aliyekuja na sukari badala ya dawa, baba aliyeuliza kwanza habari za redio. Mkandarasi aliuliza hili na lile, na kila swali lilizaa kingine cha kusimulia. Fundi alisimama na ufagio pembeni, akisikiliza. Kovu lile alilijua kwa urefu na kwa upana.

Simu ilipokatwa, Dokta akajikung’uta mabega, akachukua mkoba.

“Mawigi wape wengine. Sijakusamehe, Fundi.”

“Najua.”

“Nikikusamehe nitapiga simu. Usinipigie wewe.”

“Sawa.”

Alifika mlangoni. Fundi akauweka ufagio chini.

“Mdogo wako,” alisema. “Siku ile. Na yeye aliumia?”

Dokta akageuka. Alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomvunja.

“Hakuumia,” alisema. “Lakini umechelewa kuuliza.”

Akatoka kichwa wazi kwenye jua la saa saba, akavuka barabara katikati ya watu, na hakuna hata mmoja aliyemwita Dokta.