Ujumbe Uliosema Imekubaliwa

Ng'ombe wa Bhoke alilia tangu kulipopambazuka. Alikataa majani na kuzunguka kigingi chake bila kutulia. Bhoke alijua kwamba ameshikwa na joto la kutaka dume. Daktari wa mifugo alikuwa na siku hiyo moja tu ya kumtia mbegu. Ikipita, ni kungoja wiki tatu nyingine. Kumpeleka kwa dume la jirani hakukuwezekana tena, maana mwaka uliopita dume hilo lilimwambukiza ugonjwa na mimba ikaharibika.

Bhoke alitoa simu akaomba huduma kupitia programu ya chama cha wafugaji. Jibu likaingia papo hapo: IMEKUBALIWA.

"Baba Mogire, imekubaliwa!" alimwambia Gisiri, mumewe.

Gisiri hakuinua macho kutoka kwenye uji wake. "Hata mara ya kwanza ilikubaliwa. Ya pili pia. Daktari alikuja?"

"Leo atakuja."

"Asipokuja, Jumamosi ng'ombe hiyo inaenda soko. Haina ndama, haina maziwa, inakula tu. Mtoto anakunywa chai ya rangi kila siku."

Bhoke alingoja. Hakwenda shambani wala sokoni. Daktari Mochama hakutokea, na simu yake iliita bila kupokelewa. Jioni ng'ombe alitulia, akaanza kula. Joto lilikuwa limepita. Bhoke aliketi juu ya ndoo, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia.

Kesho yake alikutana na jirani yake Priscilla kisimani. Priscilla hakumsalimu.

"Mama Mogire, hata aibu huna!" alisema. "Mimi pia niliomba mbegu wiki iliyopita, nikakosa. Ghala inasema mbegu tatu zimeshikwa kwa jina lako. Ng'ombe moja, mbegu tatu! Unazifanyia nini?"

"Sijaona hata moja!" Bhoke alisema. Priscilla alikuwa tayari ameinua mtungi wake na kuondoka.

Jumamosi Gisiri alimfungua ng'ombe. Bhoke aliingia ndani, akajifungia. Aliyemnunua alikuwa mwenye bucha.

Jumatatu Bhoke alikwenda ofisi ya chama, Kegonga, akaweka simu yake mezani kwa kishindo. Nyuma ya meza alikuwa Mourine, fundi wa kompyuta, msichana wa Kosele.

"Nani ameniambia uongo mara tatu?" Bhoke aliuliza.

Mourine alisoma ujumbe, kisha akasoma kompyuta yake kwa muda mrefu.

"Pole sana, Mama. Makosa ni yetu," alisema. "Programu yetu inaongea na huduma mbili za mtandao. Moja ni ya ghala la mbegu huko Migori. Ingine ni ya ratiba ya madaktari. Ghala ikisema ndiyo, programu ilikuwa inakutumia 'imekubaliwa' hapo hapo. Daktari hakuwa amejibu. Mara zote tatu, Mochama alikuwa na kazi kwingine."

"Na mbegu?"

"Zilibaki zimewekwa kando kwa jina lako. Hakuna mtu aliambia ghala iziachilie."

Bhoke alikumbuka maneno ya Priscilla.

"Sasa mtafanya nini? Mtangoja wenye programu watoke ng'ambo?"

"Hapana. Hii ni programu huria. Maandishi yake ya ndani yako wazi. Yeyote anaruhusiwa kuyasoma na kuyarekebisha. Hapa, unaona? Kuna sehemu inaitwa msimamizi. Sisi hatukuiwasha. Msimamizi anauliza wote kwanza: mko tayari? Ghala inaweka mbegu kando. Ratiba inashika saa ya daktari. Wote wakisema ndiyo, anawaambia: kamilisheni. Mmoja akikataa, au akinyamaza muda ukaisha, anawaambia wote: futeni. Mbegu inarudi ghalani."

"Kama pasta kanisani," Bhoke alisema polepole. "Anauliza bwana, anauliza bibi. Hakuna mtu anaolewa nusu."

"Ndiyo hivyo, Mama. Lakini haiwezi kuleta daktari ambaye hayuko. Itakuambia ukweli mapema, ndio utafute mwingine."

"Mapema," Bhoke alisema. "Mourine, ng'ombe yangu imeshachinjwa."

Mourine aligeukia kompyuta. Aliwasha msimamizi siku hiyo hiyo, akamjaribu mara nyingi, na mbegu tatu zikaachiliwa.

Wiki iliyofuata ng'ombe wa Priscilla alishikwa na joto. Priscilla aliomba huduma, akajibiwa: IMEFUTWA, DAKTARI HANA NAFASI. Ilikuwa bado saa moja asubuhi. Alichagua daktari mwingine, akaomba tena. Safari hii jibu lilikuwa: IMEKAMILIKA. Alikimbia hadi kwa Bhoke.

"Mourine ameniambia yote. Nisamehe, mwenzangu. Njoo unisaidie kumshika."

Bhoke alikwenda. Daktari alifika na mbegu yake, akafanya kazi, akaondoka. Miezi mitatu baadaye alirudi kumpima ng'ombe, akasema ana mimba. Priscilla alipiga vigelegele.

Bhoke alifurahi, kweli alifurahi. Alipofika kwake alichukua panga, akakata nyasi za nepia, akajitwika mzigo mzima. Alikuwa ameshautua mlangoni pa zizi ndipo akakumbuka kwamba ndani hamna wa kula.