Kikombe Kabla ya Chai

Bibi Asnath alifia kwenye benchi, amekaa wima, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Waliokuwa kwenye foleni walidhani amesinzia. Kanga ilipodondoka begani naye asiiokote, ndipo aliyekaa pembeni yake akapiga kelele.

Inspekta Winfrida alifika Ihanja na Koplo Frank, kijana aliyejiunga na polisi akiota kupambana na majambazi, akaishia kukimbizana na wezi wa mbuzi. Benchi lilikuwa nje ya chumba cha kupanga, kando ya barabara kuu. Juu ya mlango bango kubwa: MRADI WA TIBA ASILI KWA KISUKARI. Kwenye bango kuna bibi mmoja anacheka, meno yote nje.

"Huyu habari hazijamfikia," Frank alinong'ona.

"Lishushe."

"Bango, afande?"

"Ulitaka nimshushe nani?"

Mwili haukuwa na jeraha. Mdomoni hakuna povu. Lakini kanga na gauni vilikuwa vimelowa jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya ule upepo wa Singida unaopasua midomo. Mkobani mlikuwa na kopo la unga wa kijani na viazi vitamu viwili vya kuchemsha ndani ya leso. Havikuguswa.

"Alikuja na chakula akakaa nacho?" Winfrida alimuuliza Dina, binti wa marehemu.

"Alikatazwa, afande. Daktari wa mradi alisema wanywe dawa alfajiri, wasile chochote mpaka aje kuwapima damu. Hajaja mpaka sasa. Yuko mjini na wageni wa mradi."

"Hukumpa hata kipande?"

"Nilimpa. Akanirudishia. Akasema, 'Unataka nimharibie daktari kazi yake?'"

Dina alijifuta uso kwa kiganja.

"Na baba wamemkimbiza hospitali. Alianguka hapa hapa, kabla ya mama. Tukahangaika naye, mama tukamwacha amekaa. Sisi tulijua amekaa tu."

"Baba yako, mzee Alute, naye yuko kwenye mradi?"

"Ana sukari, ila walimkataa, wakasema amezeeka mno. Mama ndiye aliyekuwa anamgawia. Kikombe kimoja, watu wawili."

"Na yeye hakula?"

"Baba hali mwenzake akiwa na njaa, afande. Tangu nazaliwa sijamwona akila peke yake."

Winfrida alipiga simu hospitali. Daktari wa zamu aliongea kama mtu anayekimbia.

"Sukari yake ilikuwa chini kabisa. Tumemwekea dripu ya glukosi, akafumbua macho. Tukashukuru. Ikashuka tena! Tunapandisha, inashuka. Afande, huyu mzee amekunywa nini?"

"Wanasema majani ya mlonge."

"Mlonge haufanyi hivi. Kuna kitu kingine humo. Nikijua jina lake nitajua nimpe nini na nimlinde kwa muda gani. Nisipojua, nabahatisha, na moyo wake umechoka."

Sampuli ingeweza kwenda kwa Mkemia. Ingekwenda, ingepokelewa, ingepangiwa foleni yake, na mzee Alute angekuwa amezikwa kando ya mkewe.

Hapo nje zikasikika kelele. Vijana walikuwa wanamburuta mzee Mazengo, mtwangaji wa majani ya mradi, shati limechanika toka kwapa mpaka kiunoni.

"Mwueni! Amemuua bibi yetu!"

Winfrida akasimama katikati. "Atakayemgusa tena analala mahabusu leo." Vijana wakasita. Akageuka. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Samahani nakuitikia kifua wazi."

"Majani ni yako?"

"Yangu. Nayachuma mwenyewe, nayaanika, nayatwanga. Nampelekea daktari gunia. Yeye anasaga upya kwa mashine yake, anatia kwenye makopo, anafunga. Mimi hilo kopo hata kulifungua sijui."

Winfrida alimimina unga wa bibi Asnath kwenye kiganja kimoja, wa Mazengo, uliochotwa kwenye gunia lake, kwenye kingine. Wa mzee ulikuwa na nyuzi na vijiti. Wa kopo ulikuwa laini kama poda ya mtoto.

"Unaweza kunywa wa kwako hapa, tukiona?"

"Leta kikombe."

"Umekula, mzee?" Frank aliuliza.

"Nile saa ngapi, wakati nimeamshwa kwa mawe?"

Akakoroga vijiko vitatu, akanywa mpaka tone la mwisho, akafuta ndevu. Wakamkalisha kivulini, wakamsubiri aanguke. Hakuanguka. Alichofanya ni kuuliza shati lake litalipwa na nani, akauliza tena, na tena, mpaka Frank akatamani mzee aanguke kweli apumzike.

Gari la Daktari Sostenes likaingia, vioo vyeusi. Mtafiti akashuka, miwani ya jua, boksi la kuku wa kuchoma mkononi. Harufu ilipita juu ya benchi ambapo watu walikuwa bado na njaa yao.

"Poleni sana," alisema. "Wageni waliomba tupige picha ziwani kwanza. Tumetoka hata chai hatujanywa."

Winfrida alimtazama. Akahesabu pumzi zake, maana ngumi ilikuwa tayari imeshajikunja yenyewe.

"Hata chai," alirudia. "Ingia ndani."

Alimfungia mlango, akamwonya kama sheria inavyotaka: ana haki ya kukaa kimya, na atakachosema kinaweza kuwa ushahidi. Frank alibaki mlangoni, simu sikioni, daktari wa zamu upande wa pili anasubiri.

"Makopo umefunga wewe?"

"Mimi."

"Ndani kuna nini?"

"Mlonge mtupu. Ni tiba asili, Inspekta. Hata mtoto anaweza kunywa. Labda bibi wa watu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Au yule mzee kachanganya mizizi yake, unawajua hawa."

"Mzee Mazengo amekunywa mbele yangu. Yuko pale nje anadai shati."

Akasogeza kikombe mezani. Kijani, kizito, kimeshakorogwa.

"Na wewe kunywa."

"Mimi sina kisukari."

"Mazengo pia hana."

Sostenes alicheka. Hakuna aliyemsindikiza kucheka. Akashika kikombe, akakiinua mpaka kidevuni, akakirudisha.

"Sawa, nitakunywa. Niagizieni kwanza chai."

"Ya rangi?"

"Yoyote. Yenye sukari ya kutosha. Au nile kidogo kuku, halafu ninywe."

"Kwa nini ule kwanza?"

"Tumbo tupu, Inspekta, mtu si anaweza kuanguka..."

Hakumaliza. Aliisikia sentensi yake ikiwa imeshatoka mdomoni.

"Mlonge mtupu," Winfrida alisema taratibu, "tangu lini ukamwangusha mtu?"

Nje, Mazengo alikuwa anasimulia bei ya shati.

"Kuna mzee anakata roho!" Winfrida akapiga meza, kikombe kikaruka. "Umetia nini?"

"Glibenklamidi," Sostenes alisema, sauti imekwisha. "Vidonge vya kushusha sukari. Nilivisagia humo."

"Vingapi?"

"Viwili kila kijiko."

Frank akalisema jina kwenye simu, na idadi, mara mbili, akatoka nje akikimbia bila kujua anakimbilia wapi.

"Kwa nini?"

"Majani hayakufanya kazi." Alivua miwani. "Nilipima, nikapima. Hakuna kilichoshuka. Na nilishawatangazia wafadhili kwamba dawa nimeipata. Nimealikwa kuhutubia wanasayansi wenzangu. Ningesimama niwaambie nini? Mwezi huu sukari zilishuka vizuri sana. Wageni walikuja kushuhudia. Sikutaka kuua. Hivyo vidonge hata hospitali si wanapewa?"

"Hospitali wanapewa, ndiyo. Na wanaambiwa wale!" Winfrida alikuwa amesimama. "Wewe uliwapa kwa kificho, ukawafunga midomo kwa neno lako la daktari, ukaenda kupiga picha ziwani. Mwanamke amekufa na viazi mkobani, anakulindia kazi yako!"

Alimfunga pingu. Kisha akachukua kile kikombe, akakinywa chote mbele yake.

"Cha mzee Mazengo," alisema. "Majani matupu. Ungekunywa tu, ningekosa la kukuuliza."

Jioni hospitalini mzee Alute alifumbua macho, na safari hii hakuyafumba tena. Daktari wa zamu, aliyempa dawa sahihi baada ya ile simu, alitaka jambo moja tu: mgonjwa ale, na aendelee kula. Dina akamshikia kikombe cha uji. Mzee akageuza uso.

"Mama yako amekula?"

Dina alimtazama Winfrida aliyesimama mlangoni. Kisha akachukua kikombe cha pili, akagawa uji nusu kwa nusu, kimoja akakiweka pembeni ya kitanda, juu ya kanga iliyokunjwa.

"Hiki cha mama," alisema. "Hiki chako, baba. Kunywa."

Mzee aliitazama ile kanga kwa muda mrefu. Akaijua. Halafu akafungua mdomo, akanywa, machozi yakiingia kwenye uji.