Kiganja cha Mlimani

Kwa kusimulia hapa mtaani hakuna anayenifikia, na chumvi huwa natia, sikatai. Hili sikulitia hata chembe. Lilimpata rafiki yangu kinyozi.

Alikuwa anajifua kwa mbio ndefu pamoja na shemeji yake. Wiki hii anapaa, wiki ijayo anakokota miguu. "Leo mlima ukikushinda tena, shem, hizo mbio utazitazama kwenye televisheni," shemeji alimwambia, kisha akatangulia.

Alfajiri ile umeme ulikuwa umekatika, giza totoro. Katikati ya mlima kinyozi akaishiwa pumzi. Mara akasikia nyayo nyuma yake, pwata, pwata, kama za mtu asiye na viatu, na kiganja kikatua mgongoni mwake. Wakimbiaji husaidiana hivyo mwenzao akichoka: kiganja mgongoni, vidole vikielekea juu. Kikamsukuma mpaka kileleni.

"Asante, shem!"

"Asante ya nini?" Sauti ilitoka mbele. "Nimekaa hapa juu muda mrefu, nasikia nyayo zako tu."

Nyumbani mkewe alipomvua fulana akauliza, "Nani kakushika hivi?"

Fulana hiyo nimeishika mwenyewe. Mgongoni pana alama ya kiganja cha tope, na vidole vyote vimeelekea chini.